Gemu ya mpira kwenye simu: jinsi ya kuipangia bei na kuitangaza Tanzania na Kenya

Gemu ya mpira inayoingia Tanzania na Kenya inakuta uwanja umeshajaa. eFootball ya Konami ni ya bure, EA Sports FC Mobile ni ya bure, Dream League Soccer nayo ni ya bure. Timu ndogo haiwezi kushindana nazo kwa picha wala kwa majina ya wachezaji. Inachoweza ni kuwa nyepesi na kuongea kama mtaa unavyoongea, halafu ikauza vitu kwa bei ambayo mtu anaweza kuilipa akiwa kijiweni, bila kadi ya benki.

Mwongozo huu ni wa timu ya watu 2 hadi 6 wenye gemu ya Android iliyokwisha kutengenezwa. Mfano tutakaoutumia ni gemu ya mikwaju ya penalti, lakini hesabu ni zilezile kwa gemu ya riadha, masumbwi au kikapu.

Bando ndiyo bei ya kwanza

Kabla hajakulipa hata shilingi moja, mchezaji ameshalipa bando la kupakua na nafasi kwenye simu. Unayemlenga anatumia Tecno, Infinix, itel au Samsung ya daraja la A, RAM ya GB 2 hadi 4, na kumbukumbu iliyojaa video za WhatsApp. Gemu ya MB 900 inamlazimisha afute kitu. Wengi hawafuti, wanaacha kupakua.

Lenga upakuaji wa kwanza usiozidi MB 60. Google Play inaruhusu hadi MB 200 kwenye sehemu ya msingi, yaani ile inayopakuliwa kwanza, lakini usijaze kwa sababu tu umeruhusiwa. Weka uwanja mmoja na timu chache ndani ya sehemu ya msingi, vingine vyote vishuke baadaye kwa Play Asset Delivery, njia ya Google Play ya kushusha mafaili ya ziada, na mchezaji aulizwe kwanza: "Viwanja 4 zaidi, MB 38. Pakua sasa au subiri Wi-Fi?" Kushusha mafaili kimyakimya ndiyo njia ya haraka zaidi ya kupata nyota moja. Mtu akigundua bando lake limekwisha, atakutaja wewe.

Sauti ya mtangazaji usiipunguze, kwa sababu ndiyo inayoifanya gemu iwe ya hapa. Sentensi 300 za sekunde 3 kila moja, zikibanwa kwa kbps 48 za mono (sauti ya chaneli moja), hazizidi MB 6. Rekodi sauti mbili, ya Dar es Salaam na ya Nairobi, na umpe kazi mtu aliyezoea kutangaza mechi, atangaze akiwa amesimama. Maneno ya tobo, kanzu na mkwaju yakitoka kwa mtu anayesoma karatasi, msikilizaji anagundua mara moja.

Gemu ichezeke bila intaneti. Marafiki wawili waweze kucheza kwa hotspoti ya simu moja bila kula bando.

Kuna tatizo ambalo timu nyingi hulishangaa. Watu hurushiana gemu kwa Xender na programu nyingine za aina hiyo. Play hugawa gemu yako vipande kulingana na simu, na mtu akirusha kipande cha msingi peke yake, kwa rafiki yake gemu itafunguka na kuzima papo hapo. Weka ukaguzi wa vipande vilivyokosekana, na badala ya kuzima, gemu itoe ujumbe wa Kiswahili unaompeleka Play Store. Pia mfundishe mchezaji njia ya kushiriki programu iliyomo ndani ya Play Store yenyewe. Hiyo hurusha vipande vyote.

Majina na nembo

Kama huna leseni, usitumie Simba, Yanga, Gor Mahia au AFC Leopards, wala jezi zinazofanana nazo, wala sura za wachezaji. Hata makampuni makubwa hufungwa na jambo hili: Konami ilipochukua haki za Juventus mwaka 2019, FIFA 20 ilibidi iiite klabu hiyo Piemonte Calcio. Tumia timu za mitaa: Temeke, Mwananyamala, Kisauni, Eastleigh. Mchezaji wa Temeke ataibeba timu ya Temeke hata kama haipo kwenye ligi yoyote.

Kagua mlango wa malipo kwa laini halisi

Nunua laini ya kila mtandao mkubwa, iweke kwenye simu safi yenye akaunti ya Google ya nchi hiyo, kisha fungua Play Store, sehemu ya malipo, uone njia zipi zinajitokeza. Kenya M-Pesa imo kwenye Google Play. Tanzania usidhani chochote. Angalia laini moja moja, na rudia ukaguzi huo kila baada ya miezi mitatu.

Pale ambapo malipo hukatwa kwenye salio la laini, kuna mtego. Vijana wengi wana bando lakini salio la kawaida ni sifuri, na bando halinunui kitu Play. Mchezaji anabonyeza, anaona malipo yamekataliwa, na hajui kwa nini. Kabla ya ukurasa wa kununua weka mstari mmoja: "Hakikisha una salio la kawaida, si bando." Ni kazi ya dakika kumi, na inaokoa mauzo ambayo usingejua kama umeyapoteza.

Usiweke namba ya Lipa au Till ya M-Pesa ndani ya gemu iliyoko Play. Kwa kanuni ya kawaida ya Play, bidhaa za kidijitali ndani ya programu hulipiwa kwa mfumo wa Google, na ukikiuka gemu inaweza kuondolewa pamoja na akaunti.

Hesabu ya bei, shilingi kwa shilingi

Usiifanye gemu yenyewe iwe ya kulipia. Lakini jua pia kwamba kwenye Google Play programu ikishatolewa bure haiwezi kugeuzwa kuwa ya kulipia. Ukibadili mawazo utalazimika kuipakia upya kama programu mpya, na unaanza bila maoni wala wachezaji. Kwa soko hili, bure mlangoni ndiyo sahihi.

Kosa linalofuata ni kuacha Play ibadilishe bei za dola yenyewe. Chukua dola 0.99. Kwa dola moja ya TSh 2,500, hiyo ni TSh 2,475; ongeza VAT ya 18% unapata kama TSh 2,920. Hakuna muuza duka Tanzania anayepanga bei ya 2,920. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hiyo ni pesa ya kufikiria mara mbili. Ingia Play Console, ukurasa wa Google wa kusimamia gemu yako, andika bei ya kila nchi kwa mkono.

Tuseme umeweka TSh 1,000. Toa VAT: 1,000 gawanya kwa 1.18 ni 847. Duka linachukua 15%, kiwango ambacho Google imekitumia tangu Julai 2021 kwa dola milioni 1 ya kwanza ya mapato ya mwaka: hiyo ni 127. Unabaki na TSh 720. Kenya, kwa bei ya KSh 50 na VAT ya 16%, unapata 43.1 kabla ya duka na 36.6 baada yake. Andika namba hizi za mwisho ukutani na zitumie kwenye kila hesabu. Anayepanga matumizi kwa kutazama 1,000 badala ya 720 ameshajidanganya kwa zaidi ya robo.

Ngazi za kuanzia:

Tanzania: TSh 500, 1,000, 2,500 na 5,000.
Kenya: KSh 20, 50, 100 na 250.

Kama Play Console itakataa ngazi ya chini kabisa, anza na kiwango cha chini inachokubali. Bei zifuate noti na sarafu ambazo watu wanazo mfukoni, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyozihesabu hata wakilipa kwa simu.

Ukishaweka bei, usiipandishe kwenye kifurushi kilekile cha gemu. Anayetaka kujaribu bei ya juu atengeneze kifurushi kipya chenye kitu zaidi.

Nini kiuzwe

Anza na kuondoa matangazo, mara moja na daima, kwa TSh 2,500 au KSh 100. Hiki ndicho watu hukielewa bila maelezo. Kisha jezi, mbwembwe za kushangilia bao na sauti za mtangazaji za kuchekesha, kwa 500 na 1,000. Kisha pasi ya msimu ya wiki nne: mtu analipa mara moja, anafunguliwa zawadi za msimu huo.

Usiuze nguvu. Gemu ya penalti inaishi kwa mabishano ya marafiki, na siku mmoja akigundua mwenzake amenunua mkwaju usiodakwa, mabishano yanaisha na wote wawili wanaondoka. Ukiuza visanduku vya bahati, yaani vinavyonunuliwa bila kujua kilichomo, sera za Google na Apple zinakutaka uonyeshe uwezekano wa kupata kila kimoja kati ya vitu vilivyomo kabla ya mtu kununua. Ushauri wetu ni kuviacha. Soko hili lina kelele za kutosha za kubeti, na mzazi akiona kisanduku cha kubahatisha kwenye simu ya mtoto hataki maelezo mengine.

Malipo ya kujirudia yenyewe yanafeli kwa sababu salio halikai. Kama lazima uuze usajili, tumia mpango wa kulipia kabla uliomo ndani ya Play: mtu analipa wiki, wiki ikiisha inaisha, na anaongeza akitaka.

Wengi hawatalipa kabisa, nao ni wachezaji halali. Kwao weka matangazo ya zawadi: atazame sekunde 30 apate mikwaju mitano. Kwenye AdMob, mfumo wa Google wa matangazo ndani ya programu, hakikisha kundi la kamari limefungwa. Tangazo la kubeti katikati ya gemu ya mpira hufanya watu waamini kwamba gemu yako nayo ni ya kubeti, na hapo utajieleza hadi uchoke.

Toa kidogo kwanza

Akaunti binafsi ya Play iliyofunguliwa baada ya Novemba 2023 inatakiwa kufanya jaribio la faragha na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kutoa gemu kwa umma. Watafute 25, kwa sababu wengine watajitoa katikati. Nusu yao wawe na simu za RAM ya GB 2.

Baada ya hapo fungua Tanzania bila kuuza kitu, na Kenya ukiwa na duka la ndani ya gemu lililo wazi, kwa wiki nne. Tanzania itakuambia kama lugha na mchezo vinawashika watu. Kenya, yenye M-Pesa ndani ya Play, itakuambia kama bei zinalipika. Ukichanganya maswali haya mawili hutajua lipi limekwama.

Vipimo vyetu vya kuruhusu gemu iendelee: kati ya watu 100 waliopakua leo, 35 warudi kesho, 12 wawepo siku ya 7, na 4 siku ya 30. Ikiwa kesho yake wanarudi 20, tatizo liko kwenye dakika tano za kwanza: mafunzo marefu, kulazimishwa kujisajili, au gemu inagandaganda. Ikiwa kesho ni 35 lakini siku ya 7 ni 4, mchezo umewaishia. Ongeza ligi na changamoto za kila siku. Usitumie hata shilingi ya matangazo kabla namba hizi hazijakaa sawa.

Ukurasa wa duka

Jina lina herufi 30, maelezo mafupi 80. Jina kama "Penalti za Mtaa: Gemu ya Mpira" linajaza 30 kamili, na lina maneno ambayo watu huyaandika wanapotafuta. Maelezo mafupi: "Piga penalti bila bando. Cheza na rafiki kwa hotspoti. Unaanza na MB 45." Ukubwa wa gemu usiufiche ikiwa ni mdogo, ndiyo sifa yako kubwa kuliko picha zote.

Tengeneza ukurasa wa Kiswahili na wa Kiingereza, na kwa Kenya tumia ukurasa maalum wa nchi wenye picha na maneno ya Kenya. Picha ya kwanza ionyeshe mpira ukiingia wavuni na maandishi makubwa ya maneno matatu. Skrini ya menyu usiiweke kabisa.

Jambo moja hupuuzwa na wanaotoka soko jingine: tangu Novemba 2021 Play huonyesha nyota kulingana na nchi ya mtazamaji. Nyota zako 4.6 za Nigeria au Misri hazitakusaidia Arusha. Kwa hiyo omba maoni mapema, kwa kidirisha cha Play kilichomo ndani ya gemu, na ukitoe baada ya mchezaji kushinda mechi ya tatu, si baada ya kufungwa. Jibu kila lalamiko ndani ya saa 24, kwa lugha aliyoitumia.

Je, tangazo la kununua linalipa?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi tukae kidogo. Tuseme kupata mpakuaji mmoja kwa kampeni ya programu ya Google kunagharimu TSh 250. Google hushauri bajeti ya siku iwe angalau mara 50 ya gharama unayolenga, yaani TSh 12,500. Siku 20 ni TSh 250,000 na wapakuaji 1,000.

Sasa mapato ya siku 30. Watu 2% wananunua, yaani 20, na kila mmoja ananunua kifurushi cha 1,000 mara mbili. Kwa 720 kila kimoja, unapata 28,800. Matangazo ya zawadi: kila mpakuaji ametazama 25 kwa wastani, na tuseme yanakulipa senti 80 za dola kwa kila maonyesho 1,000. Hiyo ni senti 2 kwa mtu, TSh 50, jumla 50,000. Ukijumlisha unapata 78,800. Kila mtu amekuletea TSh 79 na umemnunua kwa 250.

Kampeni hiyo isimame, na hakuna picha ya tangazo itakayoiokoa. Kinachoiokoa ni vitu viwili kwa pamoja. Kwanza, gemu ishike watu zaidi: wanunuzi wakifika 4% na matangazo yanayotazamwa yakifika 50, kila mtu anakuletea TSh 158. Pili, wachezaji walete wachezaji: ikiwa kila watu 10 wanaleta wengine 4, na hao nao wanaendelea kwa kiwango hicho, mtu mmoja uliyemnunua anakuwa kama 1.67. Gharama yako inashuka kutoka 250 hadi 150. Hapo 158 inazidi 150, na tangazo limeanza kulipa, kwa nafasi ndogo.

Badilisha namba zote hizi kwa zako, lakini mpangilio wa hesabu uache hivyo.

Kwa kuwa kuletana ndiko kunakobeba hesabu, kitengeneze kitufe cha "Mchape rafiki" kwa makini. Mchezo ukiisha, kitume WhatsApp picha ndogo ya matokeo, jina la mtaa, na kiungo cha moja kwa moja cha Play. Picha isizidi KB 100. Aliyealikwa afungue gemu akute changamoto ya rafiki yake inamsubiri, si menyu. Zawadi wapate wote wawili. Akipata mmoja tu, anayealika huonekana kama anafanya biashara.

Kalenda, watengeneza video na mabanda

Tangaza pale mpira unapozungumzwa. Wiki ya derby ya Kariakoo (Simba na Yanga) au ya Mashemeji (Gor Mahia na AFC Leopards) ni wiki yako, lakini anza siku tatu kabla. Siku ya mechi yenyewe kampuni za kubeti hununua nafasi kwa nguvu na bei hupanda. Mwisho wa mwezi, kati ya tarehe 25 na 5, ndipo punguzo la vifurushi vya gemu lina maana. Mwezi wa Ramadhani hamisha arifa na matangazo yaende usiku, baada ya tarawehe. AFCON ya 2027, iliyopewa Kenya, Tanzania na Uganda, itavuta macho yote; gemu inayosubiri hadi wiki ya ufunguzi itakuwa imechelewa.

Kwa watengeneza video wa TikTok na Instagram, chagua watano wadogo wenye watazamaji wanaobishana kwenye maoni, kuliko mmoja mkubwa mwenye wafuasi wasioongea. Makubaliano yaandikwe: video 2 za sekunde 15 hadi 30, bao lionekane ndani ya sekunde 3 za kwanza, skrini halisi ya simu, kiungo chake mwenyewe chenye alama ya kumtambua, na haki ya wewe kuitumia video kama tangazo kwa siku 60. Lipa nusu mwanzo, nusu baada ya video ya pili. Baada ya siku 14 linganisha waliorudi siku ya 7 kwa kila kiungo. Mara nyingi aliyeleta wapakuaji wengi siye aliyeleta wanaobaki.

Mabanda umiza ya kuonyesha mpira yanafaa kuliko mabango ya barabarani. Saa moja kabla ya mechi watu wamekaa, simu ziko mkononi, na hawana la kufanya. Kubaliana na mwenye banda: Wi-Fi yako kwa saa hiyo, karatasi ya QR kila benchi, ligi ya mikwaju ya papo kwa papo, na jezi moja kwa mshindi. Fanya mabanda matatu, upime, ndipo uongeze.

Kiingilio cha mashindano kiwe bure. Ukichukua pesa za washiriki na kumpa mshindi pesa, umeingia kwenye michezo ya kubahatisha, na hapo kuna leseni. Hata zawadi za bahati nasibu za kutangaza bidhaa hutakiwa kibali. Tanzania waulize Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kabla ya kubandika bango. Ukikusanya namba za simu za washiriki, sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinakuhusu nawe.

Baada ya wiki nane

Kama namba zimesimama, fungua duka Tanzania kwa ngazi zilizolipika Kenya, ukirekebisha ya chini kwanza. Uganda ndiyo nchi inayofuata kwa urahisi: VAT ni 18%, MTN na Airtel ndizo laini za kukagua, lakini ukurasa wa duka uwe wa Kiingereza na mtangazaji arekodiwe kwa Kiganda. Mashariki ya Congo, kuanzia Lubumbashi hadi Goma, wanaelewa sauti ya Kiswahili, ila ukurasa uwe wa Kifaransa, na bei uipange upya kwa dola na faranga baada ya kununua laini na kuona wenyewe wanalipaje.